Mkimbizi au aliyemsaidia? Stempu za kutia kwenye fremu moja

Mpwa wangu anafundisha shule ya msingi kule Malindi. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti ulioanza kwa shikamoo na ukaishia kwa mzigo. Amepewa ukuta wa nyuma wa darasa aupambe kwa ajili ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, na amezikumbuka albamu zangu. "Mjomba, nataka fremu moja tu, stempu kumi na mbili. Sasa niambie, nitie za wakimbizi au nitie za watu waliowasaidia? Na zisiwe za bei, mjomba. Pesa niliyonayo ni ya fremu na nauli."

Nikamjibu marahaba, kisha nikanyamaza siku tatu. Swali lake linaonekana jepesi, nami nimeulizwa mfano wake na vijana kadhaa wanaoanza kukusanya stempu, kwa hiyo nimeona niliandike mara moja, limsaidie yeye na wao.

Nianze na la nyumbani. Sisi wa Lamu mkimbizi hatukumjulia kwenye picha. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu, mashua zilianza kushuka kutoka Kismayu na visiwa vya Wabajuni, zimejaa watu hadi ukingoni. Wengine waliendelea hadi Mombasa wakawekwa kambi ya Utange, wengine wakapelekwa Marafa, bara ya Malindi. Lakini siku za mwanzo hapakuwa na hema wala turubai. Watu waliingia majumbani. Mama alitandika mikeka dakani, na mwanamke wa kwanza kuikalia alikuwa amekuja na mbuzi ya kukunia nazi. Nguo za kubadilisha hana, viatu hana, mbuzi anayo mkononi. Mama akamwuliza mbona kachukua hiyo. Akasema ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Jioni ile ile aliikalia akakuna nazi ya wali wetu sote, na mpaka leo sijui kwenye sinia lile nani alikuwa akimsaidia nani.

Stempu nazo zinajua, au zinajifanya zinajua. Ukizipanga mezani zinajigawa zenyewe: huku watu waliojitwisha matandiko, kule mabwana waliovaa tai. Ndiyo sababu mimi sitazami picha peke yake. Nauliza na pesa ya stempu ilikwenda kwa nani, halafu nauliza kama mwalimu anaimudu.

Mti wa 1960

Kundi lililo rahisi kulipata ni lile la Mwaka wa Wakimbizi Duniani, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuanzia Juni 1959 hadi Juni 1960. Tarehe 7 Aprili 1960 posta za nchi na makoloni yapatayo 70 zilitoa stempu siku moja, jambo ambalo si dogo ukifikiria mawasiliano ya wakati ule. Nyingi zilibeba alama moja: mti wa mwaloni uliong'olewa, mizizi nje. Aliyeichora ni Olav Mathiesen, mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa.

Ni alama nzuri. Shida yake ni kwamba ukiiona kwenye stempu ya tano umeshaichoka, na ya ishirini huioni tena. Halafu fikiria darasa la Malindi. Watoto wanaujua mwembe, wanaujua mkoko, wanajua mnazi ukiangushwa na upepo unavyolala. Mwaloni utawaeleza kwanza ni mti gani, ndipo uwaeleze kwamba mti huo ni mtu. Umepoteza dakika kumi na mtu mwenyewe hajatokea.

Lakini zipo nchi zilizoukataa mti, na hapo ndipo kundi hili linapopata uhai. Marekani ilitoa ya senti 4: familia imetupa mgongo, inatoka kwenye giza la ujia mrefu kuelekea mwangaza. Zilichapishwa zaidi ya milioni 100, kwa hiyo atakayekuuzia ghali anakuona mjinga. Vatikani ilichukua mchoro wa Fra Angelico wa Yusufu, Mariamu na mtoto wakikimbilia Misri. Italia ilichukua kipande cha mchoro wa ukutani wa Raphael: kijana amembeba baba yake mzee mgongoni, wanauhama mji unaoungua. Kwa hadithi za kale hao ni Aeneas na Anchises wakitoka Troy, lakini huhitaji kujua majina. Mzee amemkumbatia mwanawe shingoni na miguu inaning'inia. Nimewahi kuionyesha hiyo stempu pale barazani, na mzee mmoja akasema, "Huyu kijana goti litamuuma." Basi ilikuwa imeshafanya kazi yake.

Kabla ya hizo zilikuwapo za Umoja wa Mataifa wenyewe, za mwaka 1953, senti 3 na senti 5, nazo zina familia ya wakimbizi na mchoraji ni yule yule Mathiesen. Nazipenda kuliko mti wake. Kwa bei, moja ya hizo haifiki gharama ya chai na mahamri mkahawani.

Mabwana wa tai

Upande wa pili ni sura za wasaidizi, na ukweli ni kwamba sura inavutia. Mtoto atauliza, "Huyu nani?" na hapo mwalimu ana pa kuanzia. Mwaloni hauulizwi swali hilo.

Wa kwanza kabisa ni Fridtjof Nansen, Mnorwe aliyevuka barafu ya Greenland kwa mbao za kutelezea kabla ya kupewa kazi na Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, mwaka 1921 ya kuwashughulikia wakimbizi. Mwaka uliofuata zikatoka hati zilizokuja kuitwa pasipoti za Nansen, kwa ajili ya Warusi waliopoteza uraia wao, baadaye Waarmenia na wengine. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki 1930, na mwaka 1935 Norwe ikatoa stempu nne zenye sura yake, kila moja ikiwa na øre 10 za ziada juu ya bei yake ya posta. Ziada hiyo ilikwenda kwenye mfuko wa wakimbizi uliobeba jina lake. Mzee ana masharubu mazito na macho ya mtu aliyezoea kutazama mbali. Mimi ninayo moja iliyotumika, mhuri umepita begani, na siibadilishi kwa mpya.

Kisha wapo wale wa vita vya pili. Raoul Wallenberg, Mswidi aliyefika Budapest Julai 1944 akawa anagawa hati za ulinzi za nchi yake kwa Wayahudi, kisha akachukuliwa na Warusi Januari 1945 na hakurudi. Sugihara Chiune, balozi mdogo wa Japani huko Kaunas, Lithuania, aliyeandika viza zaidi ya 2,000 katika majira ya joto ya 1940. Aristides de Sousa Mendes, balozi mdogo wa Ureno huko Bordeaux, Ufaransa, aliyetoa viza mwaka huo huo kinyume cha amri ya serikali yake, akaadhibiwa, akafa maskini mwaka 1954. Israeli iliwatoa Sugihara na Sousa Mendes pamoja na wengine watatu mwaka 1998. Marekani ilimtoa Wallenberg 1997 kwa senti 32, na nyuma ya sura yake zimechorwa sura za watu waliookolewa na ile hati ya ulinzi.

Hiyo ya Wallenberg itazame kwa kioo cha kukuzia, maana inasema jambo ambalo wachoraji wengi wanalisema bila kukusudia. Yeye yuko mbele, mkubwa, jina lake limeandikwa. Walio nyuma ni wadogo na hawana majina. Sasa weka pembeni yake ile familia ya 1953. Nao hawana majina. Geuza albamu nzima utakuta hivyo hivyo: aliyesaidia anaitwa fulani, aliyekimbia anaitwa mkimbizi.

Utaniambia mbona Einstein ana stempu, naye alikuwa mkimbizi. Ni kweli, na Haile Selassie vilevile, aliyekaa uhamishoni Bath, Uingereza, Waitaliano walipoiteka nchi yake mwaka 1936. Lakini kwenye stempu Einstein ni mwanasayansi na Haile Selassie ni mfalme wa wafalme. Sijaona iliyomwonyesha yeyote kati yao ameshika sanduku.

Kwa hiyo katika mzani wangu sura zinashinda mti kwa kuanzisha mazungumzo, lakini zinashindwa kwa jambo moja kubwa: mtoto anatoka darasani akidhani wakimbizi ni watu wanaokaa kungoja bwana mmoja mwema ashuke. Mwenye sinia la nazi hangelikubali.

Stempu zilizotozwa

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na hapa ndipo ningemtaka mpwa aweke pesa yake.

Mwaka 1971 watu wapatao milioni 10 walivuka kutoka Pakistan ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh, wakaingia India. Serikali ya India ikaamua kila anayetuma barua aongeze paisa 5 kwa ajili yao. Tozo ilianza Novemba 15. Ila stempu mpya ilikuwa haijawa tayari. Posta ikafanya nini? Ikachukua stempu ya paisa 5 iliyokuwapo madukani, ikaigonga maneno ya msaada wa wakimbizi juu yake. Na stempu hiyo iliyokuwapo ilikuwa ya uzazi wa mpango.

Hebu ipige picha akilini. Ina familia ndogo nadhifu, baba na mama na watoto wao, inayokushauri usizae wengi. Juu ya vichwa vyao limepita neno la wakimbizi kwa wino mweusi, mahali pengine limenyooka, mahali pengine limekwenda mrama, maana miji kadhaa iligonga mihuri yake yenyewe bila kungoja ile iliyochapishwa rasmi. Hakuna msanii aliyefikiri jambo hili. Ni karani mwenye haraka na kibao cha mpira. Na kwa ajabu ndiyo stempu ya wakimbizi ya kweli kuliko zote nilizonazo, kwa kuwa ndivyo wakimbizi wanavyofika: katikati ya mipango ya watu wengine, kabla chochote hakijawa tayari. Desemba ikatoka ile iliyochorwa makusudi, yenye wakimbizi wenyewe. Ni nzuri pia. Lakini ya karani ndiyo ninayoitoa kwanza mgeni akija.

Tozo iliendelea hadi Machi 1973. Kwa hiyo kila aliyemwandikia shangazi yake barua ya harusi, kila duka lililodai deni lake, alichangia, apende asipende. Zilibandikwa kwa wingi usiohesabika na ndiyo sababu leo ni rahisi mno. Mwambie muuzaji unataka zilizotumika, zenye mhuri wa posta.

Ya pili ni ya Kupro (Cyprus). Uturuki ilipoingia kisiwani humo mwaka 1974, watu kiasi cha 200,000 walihama makwao ndani ya kisiwa hicho hicho. Kupro ikaanza kutoza stempu ya mfuko wa wakimbizi ya mil 10, mwanzoni kwa kugonga nambari juu ya stempu za kawaida, kama India. Mwaka 1977 ikapata sura yake: kazi ya mchongaji wa Kigiriki Tassos, mtoto ameketi, na seng'enge.

Ni ndogo. Ukiiweka kwenye kiganja inalingana na ukucha wa kidole gumba. Ukiisogelea kwa kioo utaona mchongo wa mbao: mistari minene, nyeusi, bila mapambo. Mtoto halii. Amekaa tu, kama anayekaa mtoto aliyeambiwa "ningoje hapa, naja."

Na bado anangoja. Hilo ndilo linaloifanya iwe tofauti na zote. Tozo ya India ilidumu mwaka na miezi; ya Kupro haijaondolewa. Pesa ya nchi imebadilika mara mbili na mtoto ni yule yule: kwanza mil 10, kuanzia 1984 senti 1, na kuanzia 2008 senti 2 za yuro. Ukizipanga tatu kwa mstari mmoja, darasa halihitaji maelezo marefu. Uliza tu, "Mtoto huyu sasa ana miaka mingapi?"

Sura ya Nansen nayo iliwahi kutumiwa kutoza hivi, ila kwa upande wa pili, na hili si wengi wanaolijua. Mkimbizi aliyetaka pasipoti ya Nansen ihuishwe alilipa faranga 5 za dhahabu na kubandikiwa stempu yenye sura ya Nansen mwenyewe. Haikuwa stempu ya barua, ilikuwa ya ada, na pesa ile ilirudi kuwasaidia wakimbizi waliokuwa hoi zaidi. Yaani mkimbizi mwenye chochote alimlipia asiye na kitu, na sura iliyobandikwa ikawa ya bwana. Hiyo siitii kwenye orodha kwa sababu ya bei. Nimeitaja kwa kuwa inavuruga ile mistari ya huku na kule.

Za kwetu

Mpwa aliniuliza kama hakuna za kwetu pwani. Zipo, ila zinataka maneno.

Wajerumani walifungua posta hapa Lamu Novemba 1888 na kuifunga Machi 1891. Nyumba yake ndiyo ile makumbusho ndogo ya barabara kuu. Posta hiyo ilikuja kwa ajili ya Witu. Na Witu ilikuwa nini? Fumo Ahmad Simba, Mnabahani, alitolewa Pate, akatolewa na Siyu, akaingia bara akajenga mji msituni, akawapokea watoro waliokimbia utumwa wa mashamba ya pwani. Mkimbizi akawa mwenyeji. Mwaka 1885 akatafuta ulinzi wa Wajerumani kupitia kwa ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, na ndipo barua zikahitaji mhuri. Kwenye stempu zenyewe hakuna mtoro wala Simba. Ni stempu za Ujerumani, tai na nambari, zilizogongwa LAMU OSTAFRIKA. Ni ghali, na zinaghushiwa. Niliwahi kununua moja kwa muuzaji wa mtandaoni, kwa pesa niliyokuwa nimeweka ya kupaka mashua dawa na rangi. Ilipofika nikaiweka chini ya taa, nikasoma tarehe ya mhuri: 1893. Posta ilikuwa imefungwa miaka miwili. Mashua ilikaa bila rangi msimu mzima. Mpwa asiiguse, na wewe unayeanza usiiguse.

Ya Unguja ni tofauti. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, serikali mpya iliyakuta makasha ya stempu za 1961 zenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa. Hazikutupwa. Ziligongwa kwa mkono neno JAMHURI na mwaka 1964 zikaendelea kuuzwa dirishani. Mwanawe Abdulla, Sultani Jamshid, alikuwa ameshakimbia kwa meli. Hakuruhusiwa kushuka Mombasa. Aliishia Uingereza, akakaa Portsmouth miaka mingi, na alifariki Oman mwishoni mwa 2024. Sijui stempu nyingine inayoonyesha kukimbia kwa namna ile: anayekimbia hayumo, baba yake yumo, na juu ya baba limepita neno. Wapo waliokimbia mwaka ule ambao ukoo wao unakaa Mombasa, Malindi na hapa Lamu hadi leo, na wapo waliosherehekea. Kwa hiyo mwalimu aitie, lakini aeleze habari ya stempu, asiingie kwenye ubishi wa wazee. Za senti ndogo ndogo si ghali. Angalia tu wino wa neno usiwe mpya kuliko karatasi.

Ya tatu ni Nyerere. Stempu ya Tanganyika ya Desemba 9, 1962, senti 30, inamwonyesha akizindua kazi ya kujitolea. Si stempu ya wakimbizi hata kidogo. Ila mwaka 1983 alipewa Medali ya Nansen, ile ambayo UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, humpa aliyewafaa wakimbizi, na ya kwanza kabisa alipewa Eleanor Roosevelt mwaka 1954. Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi walime, Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na kuanzia 2014 wapatao 162,000 kati yao na watoto wao wakapewa uraia. Nikilinganisha Nyerere wa stempu hii na Wallenberg wa 1997, ningemchagua Nyerere kwa watoto wa Malindi hata kama haitaji wakimbizi. Mwalimu atasema jina na nusu ya darasa itakuwa inalijua.

Ninazoziacha nje, na sababu

Jordan ilitoa mwaka 1969 stempu 30 za masaibu ya wakimbizi wa Kipalestina, kuanzia fils 1 hadi 30, kila moja na picha yake. Hapa Lamu ukizitandaza mezani watu wanaacha kahawa. Lakini ni kundi moja na linasimama pamoja; ukichomoa mbili ukazitia kati ya Nansen na mwaloni umezipunguza. Mwenye ukuta mzima na pesa kidogo zaidi, anunue hizo peke yake na asichanganye na kitu. Mpwa ana fremu moja.

Wallenberg, Sugihara na Sousa Mendes nimewaacha kwa shingo upande. Habari zao ni nzito na zinataka kueleza kwanza vita vya Ulaya, na stempu haimpi mtoto wa darasa la sita pa kuanzia. Kwa mwanafunzi wa sekondari ningesema kinyume: anza na Sugihara, kisha Sousa Mendes, na uulize kwa nini mmoja na mwingine hawakutii.

Ile ya Marekani ya senti 4 nimeiacha kwa sababu ya Italia tu. Migongo na mwangaza ni sawa, lakini mzee aliyebebwa amekwisha kuwashinda.

Kwa hiyo, mpwa wangu, fremu ni hii. Mstari wa juu: India mbili, ya karani na iliyochorwa, pembeni yake zile mbili za Ujerumani ya Magharibi, pfennig 20 kila moja, ya 1955 na ya 1965, zenye Wajerumani waliofukuzwa mashariki baada ya vita, mchoro mmoja umerudiwa baada ya miaka kumi. Watoto waone kwamba wakimbizi hawatoki upande mmoja wa dunia. Mstari wa kati ni wa Kupro, tatu, bila kitu kingine isipokuwa familia ya Umoja wa Mataifa ya 1953 mwishoni. Mstari wa chini: Aeneas na babaye, Nansen aliyetumika, JAMHURI, na Nyerere. Ukihesabu utaona wasaidizi ni wawili tu, tena wa chini. Swali lako lilikuwa lipi kati ya mawili, nami nimekujibu.

Sasa mambo ya mkono, maana hapa ndipo nyingi zinapofia. Hewa yetu ina chumvi na unyevunyevu. Stempu mpya yenye gundi ikikaa wiki moja kwenye fremu isiyo na nafasi itashikana na kioo, na ukiivuta inaacha nusu. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka zilizotumika: gundi imekwisha kwenda. Zisibandikwe kwa gundi wala selotepu hata kidogo. Fundi wangu wa Langoni huweka ubao mwembamba kati ya kioo na karatasi, na kila stempu nitaitia kwenye kifuko chake cha plastiki safi. Ukuta usiwe unaopigwa na jua la saa tisa, maana wekundu wa ile ya India utakuwa waridi kabla ya muhula kuisha. Na shika kwa kibano, si kwa vidole vyenye mafuta ya viazi karai.

Mbili za Kupro ninazo. Ile ya senti 2 za yuro nimeiagiza, inakuja na barua ya kawaida, na barua ya kawaida kufika Lamu unaijua. Njoo Ijumaa ya kwanza ya Juni, na nauli ya kurudi ujiwekee mwenyewe.